Mchumba Wangu wa Bukoba

Dagaa wa Mwanza wana mchanga, na anayekataa hilo ujue anauza. Huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa mwanga wa taa, asubuhi wanamwagwa ufukweni wakauke, na hapo kila kilo inaondoka na kipande chake cha Ziwa Victoria. Siku hizi wavuvi wanahimizwa kuanika kwenye vichanja. Nikienda Mwaloni, Kirumba, huwa nauliza kwanza, "Hawa walianikwa wapi?" Jibu ni lile lile, "Kichanjani, kaka." Jioni meno yangu yananipa jibu la pili.

Mapishi yake hayana siri. Unachambua vichwa, unawakaanga wakavu kwenye sufuria mpaka wanukie, unawamwagia maji ya moto, unawasugua kwa viganja, unawaopoa kwa juu bila kutibua chini. Unarudia mpaka maji yawe maangavu au uvumilivu ukuishe. Kisha kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi, na ndimu ukishaepua. Ugali wa dona pembeni. Anayeongeza kitu zaidi ya hapo ana mgeni.

Mimi ni mtunzi wa hadithi fupi, yaani nina kazi nyingine inayolipa kodi ya chumba. Hadithi nzuri zina tabia ya kunijia mikono ikiwa imejaa vichwa vya dagaa, siwezi kushika kalamu wala simu. Nikishanawa, zimekwenda. Zinazobaki ni zile za hivi hivi, na ndizo ninazoziandika. Lakini hadithi yangu iliyowahi kupata wasikilizaji wengi sijaiandika popote. Naisimulia uani, kwa awamu, na inamhusu Koku.

Koku ni mchumba wangu. Kwao ni Bukoba, anafundisha shule ya msingi, mrefu, mpole, hapendi kupigwa picha. Kasoro yake ni moja tu: hayupo. Nilimtunga papo kwa papo siku mama mwenye nyumba aliponiuliza, mbele ya wapangaji wote waliokuwa wanaosha vyombo, eti mwanaume mzima nitajipikia mpaka lini.

Ukweli ni kwamba sijipikii. Tunapika wawili, mimi na mwenzangu, mwanaume kama mimi. Uani anajulikana kama binamu yangu kutoka Magu aliyekuja mjini kutafuta kazi, akaipata, na mpaka leo hajapata chumba. Ukweli huo hauanikwi pamoja na nguo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilivyokazwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Kwa adhabu ya namna hiyo hata asiye na kipaji hutunga.

Wanaotuzungumzia redioni hudhani nyumba ya mashoga ina mambo mazito. Ya kwetu ina ugali. Tunagombana nani kamaliza mkaa bila kusema, nani kaacha taa inawaka mpaka Luku ikalia, nani anakoroma. Mwenzangu anaamini dagaa wakioshwa mara mbili inatosha, mengine ni majivuno. Anatia nyanya nyingi mno. Ukituondolea ile miaka 30, sisi ni wanandoa wa kuchosha kabisa.

Basi, Koku. Shida ya kutunga uani ni wasomaji. Mhariri wa gazeti anaweza kupitiwa; mama mwenye nyumba hapitiwi. Nikisema Koku ana dada wawili, mwaka unaofuata ataniuliza yule mdogo alijifungua salama. Mwanzoni Koku alikuwa msichana tu ninayewasiliana naye. Ikafika Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam akatangaza msako na kuwataka wananchi wamtumie majina ya mashoga. Baada ya siku chache serikali ilisema yale yalikuwa mawazo yake binafsi, lakini huku kwetu Igogo, juu maweni, Koku alikuwa ameshapandishwa cheo kwa dharura. Jioni alilala rafiki, asubuhi aliamka mchumba, na barua ya posa imeshapelekwa.

Mchumba, sasa, lazima aje kusalimia wakubwa. Hapo ndipo niligundua adui yangu mkubwa si sheria wala majirani, bali miundombinu.

MV Victoria, meli iliyokuwa ikilala njiani kati ya Mwanza na Bukoba, ilisimama mwaka 2014 kwa ubovu. Kanda nzima ilisikitika. Mimi niliona afadhali: Koku, bahati mbaya, akipanda basi anatapika. Udhuru ule ulinitunza vizuri mpaka 2020, meli ilipotoka kwenye ukarabati na kurudi majini na jina jipya, New Victoria Hapa Kazi Tu. Mama mwenye nyumba aliniletea habari mwenyewe, kwa furaha, mikono bado ina sabuni. "Sasa mkwe atakuja." Nikasema anaogopa maji. Hakucheka, wala hakuuliza zaidi, maana hakuna ukoo wa ziwa hili uliosahau MV Bukoba ya Mei 1996. Niliona haya kidogo kujificha nyuma ya msiba wa watu, lakini nikajificha. Kwa kuwa hata basi la Bukoba lilipaswa kuvuka Busisi kwa kivuko, hofu ya maji ilifunga njia zote mbili.

Kisha serikali ikajenga daraja. Kigongo mpaka Busisi, kilometa 3 juu ya ziwa, likafunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Watu walishangilia, wakapita kwa miguu wakipiga picha. Nilitazama kwenye runinga kama mtu anayeona kiwanja chake kinapigwa alama ya X.

"Na kutapika?" nilijaribu.

"Kuna vidonge, baba. Duka la dawa lipo hapo chini."

Usidhani udadisi huu ulianza na mama mwenye nyumba. Ng'ambo kidogo tu ya maji, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kwa Kikerewe. Hakupata wa kuichapa. Akaigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka uliofuata. Ni kitabu kinene kuhusu mume na mke wanaopendana, hawajajaliwa mtoto, na ndugu wa pande zote mbili hawajajaliwa kunyamaza. Wakwe wanamchukua binti yao, na mume anatozwa pombe ya ndizi ndipo amrudishe. Nikikisoma najiona niko uani kwetu, tofauti ni kwamba Myombekere alijua faini yake ni kiasi gani.

Mkerewe mwingine, Euphrase Kezilahabi, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Ikapigwa marufuku mashuleni kwa kusema waziwazi mambo ambayo wanafunzi walikuwa wakiyafanya. Baadaye ikawa kitabu cha mtihani, na vijana wale wale waliozuiwa kukisoma kwa raha wakashuhudia watoto wao wakikisoma kwa lazima. Kwa hiyo sikati tamaa. Huenda wajukuu wa mama mwenye nyumba wakaja kuulizwa swali la alama ishirini: jadili nafasi ya Koku katika jamii.

Lakini mzee wangu wa jikoni ni Binyavanga Wainaina wa Nakuru. Kabla hajatwaa Tuzo ya Caine mwaka 2002 na kuanzisha jarida la Kwani?, aliishi Afrika Kusini akiandika makala za chakula, akipikia watu kwenye shughuli zao na kukusanya mapishi ya bara hili. Januari 2014, wakati Nigeria na Uganda zinakaza sheria zao, alichapisha kile alichokiita sura iliyopotea ya kitabu chake cha kumbukumbu. Humo anamwambia mama yake kwamba yeye ni shoga. Mama alishafariki tangu mwaka 2000, na mwana hakuwahi kufika kitandani kwake. Akatunga: akajiweka hospitalini, akamwinamia, akasema. Halafu akamgeukia msomaji na kukiri kwamba haikuwa hivyo. Alifariki Mei 2019, kumbe mimi wakati huo nilikuwa bado naongeza dada wa Koku. Mwenzangu alipoisoma ile sura alisema, "Huyu katunga ili aseme. Wewe unatunga ili usiseme." Nikamwambia nyanya zake zimezidi.

Kuna hadithi nyingine iliyopata Tuzo hiyo hiyo ya Caine mwaka 2007, ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Wasichana wawili wanapendana, na anayewaumbua si polisi, ni jirani. Nilikuwa najaribu kuandika ya kwangu ya namna hiyo, wanaume wawili wanapika pamoja usiku wa mvua, siku jirani alipoingia kweli.

Mvua ilikuwa inanyesha kwelikweli, kwa hiyo jiko la mkaa lilikuwa ndani, karibu na mlango. Mwenzangu anasonga ugali kwenye jiko la gesi, kifua wazi kwa joto, kajifunga kanga. Mimi nina dagaa kwenye mkaa, wanakaangika. Sentensi ikanijia. Nzuri, ya kwanza kunijia nikiwa nimeshanawa mikono. Nikasema niiandike mara moja tu nirudi. Mtu yeyote anayeishi na mtunzi anajua maana ya "mara moja tu". Mwenzangu alikuwa kalipa jiko la mkaa mgongo, anapambana na ugali. Dagaa wakianza kuungua hawapigi hodi: moshi ulikuwa mweupe, ukawa wa kahawia, ukapita juu ya ukuta usiofika darini, ukaingia vyumba vyote.

"Mayo wane! Moto!"

Mlango ulisukumwa na mama mwenye nyumba, ndoo mkononi. Hakuuliza. Alimwaga maji yote kwenye jiko. Likatoa mlio, majivu yakaruka mpaka kwenye neti, dagaa wakaelea sakafuni wakielekea chini ya kitanda, na sentensi yangu ikalowa. Moshi ulipopungua, akawa amesimama katikati ya chumba anatazama: kitanda kimoja, mito miwili, binamu wa Magu ndani ya kanga. Nilihesabu ile miaka 30 kuanzia sekunde ile. Macho yake yakatua kwenye sufuria ya ugali.

"Nani kakufundisha kusonga hivyo?" alimuuliza mwenzangu. "Una mabonge. Lete mwiko."

Akakunja mikono ya gauni, akaubana ugali ukutani mwa sufuria, akaugeuza, akaubana tena, mpaka ukanyooka na kuanza kupumua kwa vitundu. Sisi tumesimama kama wanafunzi waliochelewa. Akiwa bado anasonga, bila kuinua kichwa, akasema, "Kanga nzuri. Ya nani?"

"Ya Koku," nilisema haraka.

"Kumbe Koku alikuja."

Kimya.

"Alituma."

"Alituma kanga moja? Doti lina vipande viwili, baba. Kingine kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye kamba, uani, mbele ya dirisha lake. Mwenzangu, ambaye hajawahi kuandika hata barua ya kuomba kazi bila msaada, akasema, "Amebaki nacho yeye, mama. Ukumbusho." Mama mwenye nyumba alimtazama, akamtazama hasa, akamrudishia mwiko. "Ugali wenu huu. Mkaa ndani ya nyumba sitaki tena."

Wiki ile tuliishi kwa adabu. Tulifikiria kumuua Koku. Haikuwezekana: kungekuwa na msiba, uani wangechanga rambirambi, wangekodi Coaster, na kwa lile daraja wangefika Bukoba mchana kweupe kumtafuta marehemu. Tukafikiria aolewe na mwingine, lakini hapo mama mwenye nyumba angeanza kunitafutia aliye hai.

Tukiwa bado hatujaamua, nikamsikia mpangaji mpya pale bombani. Mimi nilikuwa ndani, mikono imejaa vichwa vya dagaa, mlango umeegeshwa.

"Mama, yule kaka wa chumba cha mwisho mbona haoi? Na yule mwenzake?"

"Ana mchumba Bukoba," alijibu mama mwenye nyumba. "Nimeongea naye kwa simu juzi. Binti ana heshima yule, mpaka raha. Nesi."

Sijawahi kumpa mama mwenye nyumba namba ya mtu yeyote wa Bukoba. Mwenzangu aliacha kukata kitunguu. Tulitazamana, na kwa vile kitunguu kilikuwa karibu, hatukulazimika kuelezana chochote.

Ila kulikuwa na tatizo la kitaalamu. Koku ni mwalimu, uani wote wanajua. Jioni nilimfuata mama mwenye nyumba kibarazani, nikamwamkia, nikamwambia kwa upole kwamba labda alipitiwa, yule si nesi.

"Sikupitiwa," alisema, anachambua mchele. "Mwalimu ana likizo Juni, ana likizo Desemba. Watu watauliza mbona likizo haji. Nesi ana zamu. Waambie alisomea akiwa kazini."

Nimefanya kazi na wahariri. Hakuna aliyewahi kuliona tundu kubwa kiasi hicho na kuliziba kwa sentensi moja.

"Na wakisema ahamie Mwanza?" niliuliza.

"Ameomba uhamisho," alisema, akapuliza pumba. "Serikali hii kujenga daraja ni haraka. Uhamisho wa mtumishi, mwanangu, huo utangoja sana."