Mbuzi wa Mheshimiwa

Sisi tukaao Merikit, wilayani Tororo nchini Uganda, ambao baadhi yetu tungali tukilala chini ya paa la nyasi, tulizidishiwa ilimu mwaka 2023, pale mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya mafukara wa Karamoja yaliporipotiwa kuezeka, kwa kudura isiyoelezeka, banda la mbuzi kule Kayunga, katika shamba la Amos Lugoloobi, aliyekuwa wakati huo Waziri wa Nchi wa Fedha. Wallahi, hatukujua kuwa mbuzi nao wameandikwa katika daftari la masikini! Mawaziri watatu walifikishwa mahakamani kwa ajili ya mabati hayo Aprili ya mwaka ule ule. Mkaramojong, mwenye mabati, akabaki kuhesabu nyota akiwa kitandani. Basi, jirani zangu wa Tororo, mgombea akija kutuomba kura, tumwulize kwanza ana mbuzi wangapi.