Sifa za Madini Yasiyopiganiwa

Wasifu wa siku hizi wana tabia moja mbaya: humsifu aliyekwisha kushiba. Dhahabu imesifiwa hadi imechoka. Almasi ina washairi wake. Hata koltani, ule unga mweusi wa Rubaya kule Masisi ambao mwenye simu hutembea nao mfukoni bila habari, imepata wasemaji: mabalozi huitaja mikutanoni, majenerali huitaja wakidhani hawasikiki. Mimi nimekuja kumsemea maskini. Katika mkoa huohuo wa Kivu Kaskazini yako madini mengine meusi, mengi kuliko koltani yote iliyowahi kuchimbwa, nayo hayana wakili. Hayahitaji shimo, yanakuja yenyewe. Hayangoji ndege ya usiku, yanateremka mlimani mpaka mlangoni pa mteja. Naizungumzia lava ya Nyiragongo, na naomba ukumbi utulie.

Desturi inadai tuanze na ukoo. Bara la Afrika linachanika polepole, na upande wa magharibi wa mpasuko huo, mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda, wamesimama ndugu wanane wa Virunga. Sita wamelala, na watalii huwapanda kutafuta masokwe. Wawili wako macho: Nyamulagira, mpana na mzito wa umbo, na Nyiragongo mwenye urefu wa mita 3,470, aliye kilomita ishirini hivi kaskazini ya mji wa Goma. Kileleni pake pana shimo ambalo upana wake unazidi kilomita moja, na humo kwa miaka mingi limetokota ziwa la moto. Usiku mawingu hugeuka mekundu. Katika mji uliozoea giza, hiyo ndiyo taa pekee isiyokatwa kwa sababu ya deni. Huzimika tu pale inapoamua kushuka kuonana na wananchi.

Wazee waliomfuata Ryangombe, mkuu wa mizimu, waliamini kwamba aliyeingizwa katika siri zake atastarehe naye juu ya Karisimbi, mmoja wa wale ndugu waliolala, baada ya kufa, na asiyeingizwa atatupwa kwenye moto wa Nyiragongo. Kwa hiyo mlima huu ulikuwa na gereza lake muda mrefu kabla Wabelgiji hawajaleta la kwao.

Sifa yake ya kwanza ni wepesi. Kwingineko duniani lava hutambaa. Mtu hupata nafasi ya kukunja godoro, kubishana na mkewe kuhusu kabati, kisha kurudi kumfuata kuku. Lava ya Nyiragongo ina silika chache mno, na silika ndiyo inayoufanya mwamba ulioyeyuka uwe mzito wa kunata. Ikikosekana, mwamba hukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka na ziwa zima likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Kwenye miteremko ilikwenda mwendo wa gari, katika vijiji ambavyo barabara zake hazikuruhusu gari lolote kwenda mwendo huo. Kuhusu waliokufa, wapo wanaotaja makumi na wapo wanaotaja mamia. Watu wa vijiji vile hawakuhesabiwa vizuri walipokuwa hai, na lava haikuona sababu ya kuanzisha utaratibu mpya.

Lakini kipaji chake hasa ni usimamizi wa ardhi. Aliyewahi kutafuta kiwanja mjini Goma, yaani parsele, anaijua kazi hiyo: kiwanja kimoja, wenyewe watatu, kila mmoja ana karatasi yenye muhuri, na mihuri yote ni ya kweli. Kesi hurithiwa kama shamba. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilizifunga kesi nyingi kwa siku moja. Nyufa zilifunguka kutoka mlimani zikateremka hadi karibu na mji, na lava ikashika njia ya katikati. Ilimeza theluthi hivi ya njia ya kurukia ndege, ikapita kati ya maduka, ikaliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na haikusita hata ilipofika Ziwa Kivu; iliingia majini na kutengeneza ardhi mpya kabisa, ardhi ambayo hakuna chifu aliyewahi kuiuza mara mbili. Sehemu ya mji inayokaribia asilimia 13 ililala chini ya jiwe. Tajiri na mchuuzi walifidiwa sawasawa, maana yake hawakufidiwa. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila nyumba, na malaki walivuka kukimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda.

Siku chache tu baadaye walikuwa wameshaanza kurudi, wakivuka haraka haraka juu ya ukoko uliokuwa bado moto. Kituo kimoja cha mafuta kililipuka wakati watu wakichota petroli, na makumi wakaangamia. Lava ilitoa moto tu. Ndoo zililetwa na watu waliokwisha kupoteza kila kitu, na kwa mtu wa namna hiyo petroli ya bure ni mtaji.

Kisha zikaanza nyundo, na hapo ndipo madai yangu yanaposimama. Pita Goma leo utaiona lava kila mahali. Ni uzio mweusi kuzunguka ua, ni msingi chini ya nyumba ya mbao, ni ngazi ya duka, ni kifusi cha barabara. Baadhi ya majengo yaliyonusurika yalijikuta yamefupishwa: ardhi ilipanda, mlango ukazikwa, dirisha likapandishwa cheo. Kijana mwenye tindo hupasua mabonge ya kujengea. Mama aliyekaa juu ya gunia hugonga vipande kuwa kokoto, mtoto mgongoni, na jioni huuza rundo lake kwa fundi wa zege. Jiwe lililoichukua nyumba ya kwanza ndilo linalobeba ya pili.

Linganisheni na koltani. Ile hutoka kwa mchimbaji ikaenda kwa mbebaji, kwa wakala, kwa mwenye bunduki, kwa mnunuzi, kwa kiwanda cha ng'ambo, na kinachobaki Masisi ni shimo, mara nyingine likiwa na watu ndani yake. Lava hutoka kwa mwenye nyundo ikaenda kwa mwenye chukudu, basi. Chukudu, kwa asiyekijua, ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira, hakina pedali wala injini, na hubeba mzigo ambao punda angeukataa kwa heshima. Hushuka kutoka Kibumba na viazi, makabichi, makaa, mawe. Mji umekitengenezea sanamu kubwa kwenye mzunguko wa barabara, mtu na chukudu chake, na ukaipaka rangi ya dhahabu. Dhahabu! Hata pale lava ilipokaribia kupata heshima, aliitwa mwingine kuipokea.

Hakuna aliyewahi kuunda kundi la waasi ili aikamate lava. Hakuna tajiri wa ng'ambo anayeulizwa kama lava yake ni safi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, ambao huandika kurasa kwa mamia kuhusu safari za koltani, hawajalazimika kuifuatilia lava inakwenda wapi. Kila mtu anajua inakwenda wapi. Inakwenda chini.

Najua wapinzani wamekaa nyuma, na wana haki ya kusikika. Watasema kwamba mji uliokaa juu ya lava hauchimbiki. Ni kweli. Mvua hunyesha na maji yote hupotea kwenye nyufa, Goma haina mto, na watu walioko ukingoni mwa ziwa lenye maji tele hununua maji kwa bidoni. Kuchimba choo ni kazi ya wiki nzima na mikono yenye malengelenge. Watasema pia kuhusu mazuku, ile gesi nzito isiyo na rangi inayojikusanya kwenye vibonde hasa alfajiri. Mbuzi huinama kula majani na asiinuke tena, na si mbuzi peke yake.

Na mwaka 1994 watautaja, na hapo sauti ya kusifu inanikauka. Mwezi Julai watu wanaokaribia milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache. Waliwekwa kwenye kambi za Kibumba, Katale, Mugunga, juu ya lava ya zamani. Choo hakikuchimbika. Kipindupindu kilipoingia, kaburi nalo halikuchimbika. Maiti zilipangwa kando ya barabara zikiwa zimefungwa mikeka, mpaka mashine za jeshi la Ufaransa zikaletwa kuvunja mwamba. Makumi ya maelfu walikufa kwa majuma machache. Lava haikumuua hata mmoja wao. Ilikuwa imelala pale miaka mingi, haijifichi, na kila aliyeichagua kuwa mahali pa kuweka watu alikuwa na macho na ramani.

Tuendelee, kwa sababu kazi yake kubwa kuliko zote bado haijatajwa. Wanajiolojia wanatueleza kwamba zamani maji ya nchi hii yalielekea kaskazini, kwenye Ziwa Edward, na hatimaye Mto Nile. Virunga ikaota katikati ya bonde. Lava ikarundikana, njia ikaziba, maji yakapanda hadi yakapata upenyo kusini, pale Bukavu, yakateremka kwa Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Kutoka hapo Mto Lukuga huyapeleka kwenye Mto Kongo, na Kongo huyatupa Atlantiki. Sasa kumbukeni ugomvi wa Nile. Mwaka 1929 Misri ilipatana na Uingereza kwamba nchi za juu zilizokuwa chini ya Waingereza zisijenge kitu cha kuyapunguza maji bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1959 ikagawana maji hayo na Sudan. Wanasheria wamezeeka kwenye kesi hiyo. Na muda wote huo aliyegeuza Ziwa Kivu zima akalipeleka bahari nyingine amekaa kileleni akifuka moshi, hajaitwa Cairo hata kujieleza. Mkazi wa Bukavu anayewasha taa kwa umeme wa Ruzizi anamdai nani shukrani? Mvuvi wa dagaa wa Kigoma je, ambaye sehemu ya maji chini ya mtumbwi wake yangekuwa yakimwagilia ngano ya Mmisri?

Ziwa hilo lililozibwa limeweka na akiba. Chini kabisa ya Kivu imeyeyuka methani kiasi cha kilomita za ujazo 60, na kaboni dayoksaidi mara kadhaa ya hiyo. Rwanda imeanza kuitoa methani: mtambo wa KivuWatt unazalisha megawati 26 tangu mwaka 2016. Sitakaa sana kwenye suala la nini kitatokea akiba hiyo ikiamua kutoka yote kwa pamoja. Lava iliyoingia ziwani mwaka 2002 haikufika kwenye tabaka hilo la chini, na mimi nahesabu hiyo kuwa adabu.

Imebaki sifa ya kutosubiri wafadhili. Goma ina kituo cha kuchunguza volkano, chenye wanasayansi wanaoujua mlima huu kuliko mtu yeyote. Mradi wa Benki ya Dunia uliokuwa ukikisaidia uliisha mwaka 2020, na kikafika mahali pa kukosa hata fedha za intaneti ya kuleta takwimu kutoka kwenye vipimo vya mlimani. Mtu angedhani mlima nao ungesimamisha shughuli mpaka awamu ya pili. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, ulipasuka bila onyo. Watu zaidi ya thelathini walikufa, wengine kati yao kwa ajali za barabarani wakikimbia gizani. Maelfu ya nyumba yalifunikwa, barabara ya Rutshuru ikakatika, na ulimi wa lava ukasimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Ardhi iliendelea kutetemeka. Tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na umati ukaelekea Sake. Hapo Sake ndipo lava ya Nyamulagira ilipoingia ziwani katika mlipuko wa 1938 hadi 1940. Watu walimkimbia ndugu mmoja wakaenda kupanga kwa mwenzake, kwa kuwa upande huo hapakuwa na mahali pengine pa kupanga.

Walirudi, bila shaka. Wapi tena? Tangu hapo mji umepata wageni wengine. Waasi wa M23 walioushika mwaka 2012 waliushika tena Januari 2025. Wenye bunduki wa nchi hii, wa kila rangi ya sare, wana mtindo mmoja: kamba ya kuzuia barabara, kijana mwenye kijitabu cha risiti, na bei mpya kwa kila lori, kila gunia, kila chukudu. Nyiragongo imekusanya kodi yake yote kwa siku chache, haikuacha kamba barabarani, na ikawaachia watu mawe ya kuuza. Mkoa utakapopata serikali yenye muda wa mambo madogo, nina ombi moja: ile sanamu ya chukudu ikifika zamu yake ya kupakwa rangi upya, wakoroge nyeusi.