Jinsi ya Kulima Mchicha Kiangazi Bila Kugombana na Kuku

Mwongozo huu ni wa wenye ua mdogo, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, msimu wa kaskazi, jua la Februari linapokaa utosini kama pasi ya mkaa. Tafuta jembe la mkono, ndoo mbili, viroba vitatu vilivyokwisha unga, na moyo wa kupokea wageni ambao hukuwaalika.

Anza na kuku, maana yeye atakuanza. Ukimaliza kusia mbegu na kugeuka kunawa mikono, tayari kuku wa jirani ameshaingia na vifaranga wake, anaparua tuta kama lililotengenezwa kwa ajili yake. Ukiliangalia kwa macho yake, ndivyo lilivyo. Ua mzima umekauka na kupasuka, halafu katikati pana udongo laini, wenye unyevu, umejaa wadudu. Ungekuwa wewe ungepita mbali?

Mwaka wa kwanza nilimrushia mawe. Mwaka wa pili nilikwenda kupiga hodi kwa mwenye kuku, bibi wa nyumba ya pili, nikaketi naye barazani. "Mwanangu," akaniambia, "kuku hajui mpaka. Mpe chake, akuachie chako." Nimeyafuata maneno yale, na yamefaa. Chagua pembe iliyo mbali na mboga, tifua hatua mbili kwa mbili, mwaga hapo maji ya kuoshea mchele, tandaza majani makavu na maganda ya jikoni. Hilo ndilo tuta la kuku, lilinde kama lako. Tuta la mchicha lifunike kwa makuti, mbegu zikichomoza uyainue makuti yawe kichanja cha kivuli, na ubavuni zungushia vijiti. Samadi atakayokuachia kuku ni mali, ila usiitie mbichi, huunguza mizizi. Irundike, iloweshe kidogo, uiache ioze wiki kadhaa.

Maji ya mgao hayatoshi, kwa hiyo usiyape jua. Mwagilia alfajiri, wenzako wakiwa bado wanatafuta kandambili, au jioni jua likishapoa. Juu ya udongo tandaza makumbi ya nazi. Watu huyatupa, wakati yanashika unyevu vizuri. Na viroba vile vitatu ni vya matembele. Chukua kopo kubwa lililotobolewa juu na chini, lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, zunguka kopo kwa udongo na samadi iliyooza, kisha livute juu ujaze tena, mpaka kiroba kisimame na nguzo ya mawe tumboni. Toboa ubavuni, chomeka vipande vya matembele. Maji ukiyamwaga kwenye mawe yanashuka mpaka chini na kusambaa pembeni. Hapa ndipo mtu wa chumba kimoja na kibaraza anapokuwa mkulima, na mimi namheshimu kuliko mwenye ekari zilizolala.

Nyanya ziache kama ni mara yako ya kwanza. Kantangaze, mdudu mharibifu wa nyanya, anakungoja.

Sasa konokono. Utasema kiangazi hayupo, ndiyo maana umemsahau. Yupo. Amejifungia ndani ya nyumba yake, mlango ameuziba kwa utando mkavu, amebana chini ya matofali au kwenye shina la mnazi, anangoja masika. Huyu konokono mkubwa ni mzaliwa wa Afrika Mashariki, na sifa zake zimefika mbali. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii na konokono watatu, wakaachiwa bustanini. Ilipotimia miaka saba walikuwa zaidi ya 18,000, na serikali ya jimbo ilitumia fedha nyingi kuwamaliza. Kila konokono ni dume na jike kwa pamoja, na hutaga mayai zaidi ya mia kwa mkupuo. Basi usisubiri mvua ya kwanza. Mfuate leo, akiwa amelala. Mwokote kwa kijiti, si kwa mkono mtupu, kwa sababu ute wake unaweza kubeba minyoo inayodhuru binadamu. Mmiminie maji yanayochemka, kisha mfukie. Watoto wasimchezee.

Kunguru naye ana historia. Hawa wa kijivu shingoni waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na mji wowote wenye takataka ni kwao. Huiba mayai na makinda ya ndege wadogo, wale wale wanaotusaidia kula viwavi. Njia ya kumpunguza ni kufunika jalala, na hiyo ni kazi ya mtaa mzima. Papai lako lichume likianza mstari wa njano, liivie ndani. Ukingoja liive mtini, umempikia yeye.

Halafu siku moja utamkuta kinyonga juu ya kichanja. Majirani watapiga kelele, mmoja atatafuta fimbo. Simama mbele yake. Hana sumu, hana laana, hang'ati mtu asiyemkamata. Ana ulimi mrefu kuliko mwili wake, na kwa ulimi huo anakamata nzi na panzi bila kukudai senti. Katika wageni wote wa kiangazi huyu ndiye anayenigusa zaidi, kwa vile anavyofanya kazi taratibu na kuchukiwa bure. Waite watoto waje kumwangalia akitupa ulimi. Ukiweza hilo, bustani yako imeshazaa kabla ya mchicha.

Mchicha wenyewe utakuwa tayari baada ya wiki nne hivi. Usiung'oe, kata kwa kisu juu ya majani ya chini, utachipua tena. Fungu la kwanza mpelekee mwenye kuku, asubuhi, kabla majani hayajalegea.