Kinu, Friji na Chupa ya Kahawa Baridi

Kahawa baridi ya kulowekwa, yaani ile isiyopikwa, hupatikana kwa kuchanganya takriban gramu 100 za kahawa iliyokaangwa na kutwangwa chengachenga na lita moja ya maji baridi, kuiacha kwa saa 12 hadi 18, kisha kuichuja kwa kitambaa. Na kwa kuwa maji baridi hayatoi uchachu na uchungu mwingi kama maji ya moto, kinywaji hicho huwa laini mdomoni. Utaratibu huo, usio na ugumu wowote, ndio uliozua mabishano ya vyombo vitatu katika jiko moja la mtaa wa Forest, Mbeya, mwezi Julai, majira ambayo usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10.

Chupa: Shikamoo, Mzee Kinu. Tafadhali sogea kidogo, maana kahawa iliyomo humu imetoka Ulaya ndani ya kopo, nayo haipatani na harufu ya karanga.

Kinu: Marahaba, mjukuu. Na huko Ulaya ilifikaje, ilhali mibuni haioti kwenye theluji?

Chupa: Kopo limeandikwa kwamba ni mchanganyiko wa Afrika Mashariki.

Kinu: Basi huenda ni ya Mbozi, wilaya iliyokuwa chini ya Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016. Mkulima huichuma ikiwa nyekundu, huimenya, huiacha mpaka utelezi ulegee, huiosha na kuianika kwenye vichanja. Kisha sehemu kubwa husafirishwa ikiwa mbichi, yaani punje za kijani zisizokaangwa, na faida ya kukaanga hubaki ng'ambo. Japani, Arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama haijawahi kuuona mlima huo.

Friji: Mzee asamehewe kukatizwa, lakini ni nani aliyeamua kwamba Friji angurume usiku kucha kupoza kitu ambacho dirisha lingekipoza bure?

Chupa: Mambo ya kisasa hayo! Hata Gangilonga, Iringa, wameanza. Mtindo unadai maji ya dukani, mizani, karatasi ya kuchujia, mnanaa na barafu.

Friji: Barafu! Mama mwenye nyumba amevaa koti, juu ya koti amejifunika blanketi, juu ya blanketi amejitanda kitenge, miguuni soksi mbili mbili, mkononi ameshika bilauri ya barafu. Na akishapigwa picha huimimina kahawa kwenye sufuria na kuipasha moto.

Chupa: Ni kwa ajili ya tumbo.

Kinu: Ni kwa ajili ya picha. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) kipo Mbimba, hapo hapo Mbozi. Mibuni inafanyiwa utafiti na kupaliliwa jirani, halafu mwenye nyumba analipia usafiri wa punje kwenda ng'ambo na kurudi, huku mkulima aliyezichuma akinywa chai ya Mufindi. Huo si ustaarabu, ni ulimbukeni wenye risiti.

Friji: Na umeme juu yake.

Chupa: Kwa hiyo Chupa atupwe?

Kinu: La. Chupa hana kosa, na kuloweka si kosa. Kwa kweli ni njia inayookoa mkaa. Kosa ni kuona aibu kwa kilicho mlangoni mpaka kirudi na maandishi ya kigeni. Anayeitaka kahawa hiyo anunue ya Mbozi iliyokaangwa nchini, aitwange kwenye kinu kilichofutwa karanga, ailoweke jioni kwenye sufuria yenye mfuniko na kuiweka dirishani, asubuhi aichuje kwa kitambaa safi. Ikibaki, hapo ndipo Friji aitwe kazini. Na wenye nyumba wa Mbeya na Iringa, kabla ya kununua kopo jingine, waulize kwanza punje zilizomo zilichumwa wapi.