Kabichi Imehamia Kwangu

Friji yangu ina mwenyewe siku hizi, naye ni kabichi. Binti yangu, baada ya kumaliza tamthilia za Kikorea, kaamua kutengeneza kimchi. Sasa maji ya kunywa yananuka kitunguu saumu, siagi inanuka kitunguu saumu, hata barafu.

Kabichi ya Kichina inalazwa kwenye chumvi, inasuuzwa, kisha inapakwa jani kwa jani pilipili, saumu, tangawizi na kamba waliovundikwa kwa chumvi. Nikauliza kwa nini tusiikaange tu na karoti. Nikaitwa mshamba, kwangu mwenyewe.

Kinachofuata ni bakteria kujilia sukari ya kabichi na kutoa asidi ya laktiki. Gesi nayo wanatoa: juzi usiku kifuniko kilifyatuka, nikatoka na panga. Wakorea wenyewe wana akili. Zamani walifukia mitungi yao ardhini msimu wa baridi, na siku hizi wengi wana friji maalumu ya kimchi, mbali na siagi ya watu. Mwaka 2008, mwanaanga wao Yi So-yeon alipokwenda angani, wanasayansi walihakikisha kimchi yake imepigwa mionzi kwanza bakteria wafe. Mimi nalala nao hai, ukuta kwa ukuta.

Ila kinachoniuma hasa ni mtindi. Mtindi wa bibi yake, wa kibuyuni, unachachushwa na bakteria wa ukoo huohuo. Mtoto huyu alikuwa akiletewa anabana pua. Leo ndiye ananihutubia habari za utumbo: “Baba, utafiti upo.” Ni kweli upo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo yao: waliokula vyakula vilivyochachushwa kwa wiki 10 waliongezeka aina za bakteria tumboni. Mtindi ulikuwemo pia kwenye orodha ya vyakula hivyo, lakini hilo kalipita kimya kimya. Na chumvi je? Hiyo nimeitaja mimi, mwenye presha.

Sasa, nisimnyime haki yake. Kwa ugali wa dona na changu wa kukaanga, ile kitu inakata mafuta, inawasha, inachangamsha ulimi, unajikuta umeongeza tonge. Chupa ya kwanza imeisha kabla ya wakati wake. Binti anawashuku wadogo zake, na mimi kama baba nimeagiza wachunguzwe.