Kopo, Waya na Mfereji: Utangulizi wa Elimu-Vigari ya Fizi na Baraka

Elimu-vigari ni tawi changa la sayansi, na kama matawi mengine machanga, lina ugomvi mwingi kuliko vitabu. Wanazuoni wake wamekubaliana jambo moja tu: kigari ni chombo cha mchezo chenye gurudumu moja au zaidi, au kisicho na gurudumu lolote iwapo mwenye nacho anaapa kuwa kinatembea. Kipengele hicho cha mwisho kimewekwa kwa ajili ya magari ya potopoto ya mji wa Baraka, ambayo hufinyangwa karibu na Ziwa Tanganyika baada ya mvua, hupambwa kwa vifuniko vya chupa za bia, na hubaki pale pale yalipofinyangwa mpaka jua liyapasue.

Tuanze na jamii yenye nyaraka, maana kazi yake ni nyepesi. Kigari cha mfereji huendeshwa kwa umeme. Chini ya pua yake kuna ulimi mdogo unaoingia katika mfereji uliochongwa kwenye njia. Kandokando ya mfereji zimelazwa kanda mbili za chuma zenye umeme, na vishungi vya nyaya laini chini ya kigari huudaka na kuupeleka kwenye mota. Mchezaji amesimama pembeni na kidhibiti mkononi: akibonyeza, gari linakwenda, akiachia, linapunguza mwendo. Usukani hana, wala haruhusiwi kuwa nao.

Kampuni ya Lionel ya Marekani ilitengeneza vigari vya aina hii mwaka 1912, vikafifia baada ya miaka michache. Aliyevifufua ni Mwingereza Fred Francis wa Minimodels, kampuni iliyokuwa ikiuza vigari vya bati vya kujaza springi, vilivyoitwa Scalex. Tatizo la kigari cha kujaza linajulikana: ukikiachia, kinakwenda kinakotaka. Francis akatia mota ya umeme, akatandaza njia ya mpira yenye mifereji, na Januari 1957 akavionyesha kwenye maonyesho ya vichezeo mjini Harrogate kwa jina la Scalextric. Mwaka uliofuata kampuni yake ikanunuliwa na Lines Bros. Katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na kumbi za biashara ambamo watu wazima, wenye kazi na familia, walilipia muda wa kukimbiza gari linaloenea kiganjani. Muongo haujaisha, kumbi nyingi zikafungwa.

Utamu wake uko kwenye kona. Njia ikinyooka, hata aliyeshika kidhibiti leo kwa mara ya kwanza anaweza kushinda. Kwenye kona, ukiingia polepole unapitwa; ukiingia kwa pupa, ulimi unachomoka na gari linaruka mpaka chini ya kabati. Ubingwa wote wa mchezo huu ni kujua lini uachie kidole. Mtu mzima aliyezungukwa na mambo yasiyomtii hupumzika sana akipewa jambo moja tu la kuamua.

Sasa tuingie Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, ziliko Baraka na Fizi, ambako uainishaji unakuwa mgumu kwa sababu hakuna kampuni.

Spishi ya chini kabisa ni kigari cha kopo, cha jamii ya Wavutwao. Ni kopo la sardini lililotobolewa, magurudumu ya vifuniko, kamba mbele. Hapa kuna kitendawili ambacho elimu-vigari haijakitatua. Ziwa Tanganyika lina samaki wawili wa ukoo wa sardini ambao hawapatikani popote pengine kwa asili yao, na watu wa Baraka huwaanika mchangani na kuwaita ndagala. Lakini ndagala haji na kopo. Ili mtoto wa Baraka apate bodi ya gari, lazima mtu fulani mjini ale samaki aliyetoka bahari ya mbali. Wachumi walitazame hili.

Juu yake ndiko aliko mfalme wa jamii zote, kigari cha waya. Mifupa ni waya uliokunjwa kwa meno na jiwe, viungo vimefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, magurudumu yamekatwa kutoka kandambili iliyokata roho. Kwenye ekseli ya mbele huinuka fimbo ndefu inayofika kifuani kwa shofa, na kichwani mwa fimbo kuna usukani wa duara. Huo si usukani wa pambo. Ukiuzungusha, magurudumu ya mbele yanageuka kweli, na fundi mzuri huweza kukata kona kati ya kuku wawili bila kuwagusa.

Hapo tofauti ya msingi inajitokeza. Mzungu alinunua mota akatoa usukani. Mtoto wa Baraka amebaki na usukani akawa mota yeye mwenyewe. Anasukuma, anakimbia, anatoa jasho, na juu ya hayo anatoa sauti. Sauti ndiyo inayotenganisha spishi ambazo jicho haliwezi kuzitenganisha. Fuso iliyopakia hutamkwa kwa midomo iliyolegea, na mlimani lazima gia irudi mara mbili, kwa kukohoa. Pikipiki hutamkwa kwa ulimi na meno. Gari lisilo na sauti huhesabiwa kuwa limeharibika, hata kama linakwenda. Na ukimwuliza shofa anaelekea wapi, hakwambii kwamba anacheza. Anakwambia Misisi, au Lulimba, au Uvira, na kwamba hana nafasi ya abiria.

Ringi ya baiskeli inayosukumwa kwa kijiti imezua mfarakano. Wadogo husema ni gari. Yaya zao husema haiwezekani gari likawa na gurudumu moja, hiyo ni pikipiki. Mimi naona pikipiki nayo ina mawili, lakini nani atawaingilia? Trotineti ya mbao ni binamu wa chukudu la Goma, ambalo lilikua, likaanza kubeba viazi na makaa, likapata riziki na hata sanamu mjini, na kwa hiyo likatoka katika mamlaka ya elimu yetu.

Kuhusu mageuzi ya spishi, ushahidi ni wa wazi. Madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walianza kazi Baraka mwaka 2003. Kuanzia 2005 meli zikaanza kuwarudisha wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma, Tanzania. Mwaka 2015 kambi ya Lusenda ikafunguliwa kwa ajili ya wakimbizi Warundi. Pamoja na mashirika hayo ya msaada yakaja magari meupe. Magari meupe yana antena. Tangu hapo kigari cha waya kisicho na antena ni cha mashambani. Waya wa antena lazima uwe mwembamba, mrefu kuliko gari lenyewe, na utikisike, kwa maana antena isiyotikisika haina mamlaka. Bodi nayo ilibadilika: makopo ya mafuta ya msaada yaliingia uwanjani, bati safi, pana, ambalo hukatika vizuri kwa kisu.

Je, kigari cha mfereji hakipo Fizi? Kipo, ila wanazuoni walikosea kwa kukitafuta mikononi mwa watoto. Barabara ya taifa namba 5 inayotoka Uvira, ikapita Baraka na kupanda Fizi, wakati wa mvua huchimbwa na magurudumu ya malori mpaka inakuwa na mifereji miwili yenye kina cha goti. Lori likishaingia humo, shofa anaweza kuzungusha usukani apendavyo; lori halijali. Amebakiwa na mguu wake tu. Akikanyaga kidogo, anazama. Akikanyaga sana, anaruka nje ya mfereji na kulala ubavu, na konvoyeri anashuka na koleo lake bila kuambiwa. Masharti yote aliyoyatunga Fred Francis yametimia, kwa ukubwa kamili, na abiria juu ya magunia.

Kasoro ni moja. Njia ya Francis ilikuwa na mifereji ya kutosha kwa wote wanaoshindana, nao wote wakielekea upande mmoja. Hapa jozi ni moja na pande ni mbili. Malori yakikutana pua kwa pua, sheria ni kwamba aliyebeba kidogo arudi nyuma, isipokuwa awe amembeba mkubwa fulani. Na kila mtu aliye ndani ya gari siku hiyo hugeuka kuwa mkubwa fulani.

Mwaka 2004 Scalextric walitoa mfumo wa dijitali unaomwezesha mchezaji kuhamisha gari lake kutoka mfereji mmoja hadi mwingine kwa kubonyeza kitufe. Kati ya Baraka na Fizi kazi hiyo bado inafanywa kwa koleo.