Mlimani Hakuna Kocha

Waingereza wakitaka kusema mtu kakubali yaishe, husema ametupa taulo. Usemi huo umetoka kwenye masumbwi, na una kasoro moja: ulingoni taulo hurushwa na kocha, huku bondia mwenyewe bado anapigana na hewa. Kiswahili hakimpi mtu wakili wa namna hiyo. Abwagaye manyanga huyabwaga kwa mkono wake, na anayesalimu amri hutumia neno lenye mzizi mmoja na salama. Nashikilia kwamba udugu huo wa maneno si bure. Ushahidi uko kwenye milima ya Uluguru wakati wa masika.

Njia ya kutoka Morogoro mjini kupanda Morningside, ikishalowa, haibishani na mtu. Mgeni wa viatu vipya akianza kuteleza, kwanza hukaza magoti, kisha hushika mgomba usiomhusu, kisha hutangaza kwamba hajaanguka. Tangazo lenyewe humalizikia chini. Akina mama wanaoteremsha ndizi na mboga kwenda sokoni hulegeza magoti, hufupisha hatua, na pakizidi hutua mzigo kwanza, fahari baadaye. Hao wamesalimu amri tangu juu, ndiyo maana wanafika na ndizi zao.

Utaniambia mvumilivu hula mbivu, na kwamba Waluguru hao hao waligoma mwaka 1955 walipolazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta ya ngazi. Kweli, lakini tazama nani alikuwa akishindana na mlima. Matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba. Wakulima walilijua hilo. Serikali ikakaza magoti kama yule mgeni, hadi ghasia zikazuka Matombo na mtu akapoteza maisha. Baada ya hapo mpango uliachwa. Manyanga yaliyobwagwa kwa kuchelewa yalikuwa ya serikali.

Kwa hiyo sisemi anayedai haki yake akae chini. Nasema anayebishana na mteremko, au na mwavuli uliokwisha kupinduliwa na upepo, akubali mapema. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Asingoje kocha. Mlimani hayupo, na hata angekuwepo, taulo lake lingefaa kufutia matope tu.